Zamu kwa zamu: mwongozo wa msaidizi wa ustawi wa jamii kwenye nyumba ya upataji nafuu

Mwongozo huu ni wa msaidizi anayeanza kazi kwenye nyumba ya upataji nafuu, yaani soba, Tanzania Bara au Zanzibar. Anayefanya kazi kwenye kituo cha Kenya ataona mengi yanafanana, ila mambo ya usajili wa kituo huko yako chini ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na sheria zake ni nyingine.

Daktari huja kwa ratiba au akiitwa. Mshauri nasaha yupo mchana. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana kata nyingi za kuhudumia. Anayemwona mteja saa tisa usiku akitembea huku na huko na shuka mabegani ni wewe. Kitu kikubwa unachokipa kituo ni kuona, kuandika na kumkabidhi anayeingia baada yako. Mengi yanayoharibika sobani huharibika pale taarifa inapokatikia njiani: aliyepokea alijua, wa zamu ya usiku hakuambiwa.

Kabla mteja hajafika

Andaa kitanda kilicho karibu na choo na kinachoonekana kutoka anapokaa mhudumu. Weka ndoo, maji ya kunywa, pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), kipimajoto, glavu na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Ukutani bandika namba za msimamizi, muuguzi, hospitali ya karibu na dereva. Bodaboda haimbebi mtu aliyepoteza fahamu, kwa hiyo patana mapema na mwenye bajaji au teksi anayelala jirani, na bei ya usiku mkubaliane kabisa. Kutafuta usafiri wakati mtu amezimia kunakula dakika ambazo huna.

Mapokezi

1. Msalimie, mpe maji, mkalishe. Wengi hufika wamechoka na aibu imewajaa.

2. Mtenge na waliomleta, umuulize akiwa peke yake: "Kaka, umekuja kwa hiari yako?" Familia nyingi humleta kijana kwa hila, ameambiwa anakwenda kuona kazi au kumsalimia mjomba. Akisema hakutaka kuja, andika maneno yake kama alivyoyatamka na mpigie msimamizi hapo hapo. Usimfungie chumbani, usimfunge kamba wala mnyororo, hata kama mzee wake ameagiza hivyo na ameshalipa miezi mitatu kwa mkupuo. Ni ukatili, na hausaidii hata hilo linalotafutwa: aliyefungwa huwaza kutoroka tu, na anayeruka ukuta huondoka bila dawa zake, bila nauli, na mwili umeshapoteza uzoefu wa dozi ya zamani. Hatari ya hilo imeelezwa huko chini.

3. Hakikisha umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria. Asilale bweni la watu wazima, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajulishwe siku hiyo hiyo. Namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia.

4. Uliza ametumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kwa unga, yaani heroini, uliza kete (vipakiti) ngapi kwa siku na kama anavuta, ananusa au anachoma sindano. Kwa pombe, uliza ni ipi, kwa sababu chupa tano za bia na chupa tano za gongo hazilingani hata kidogo. Uliza kama anachanganya na Valium au vidonge vingine vya usingizi. Mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi, na kuviacha vidonge hivyo ghafla kunaweza kuleta degedege sawa na pombe.

Hapo kwenye saa watu hukosea sana. Akisema "saa nne", usiandike saa nne ukaishia hapo. Ya asubuhi au ya usiku? Ya leo au ya jana? Hospitali huandika 22:00, sisi twasema saa nne usiku. Anayesoma faili mbiombio anaweza kupotea kwa saa sita, au kumi na mbili. Wazee wengi wa pwani wakisema "usiku wa Jumatatu" wana maana ya ule wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo andika tarehe. Hatari za kuacha pombe zina saa zake, na ukikosea saa ya mwisho ya kunywa utakesha usiku usio na tatizo na kulala usiku wenye tatizo.

5. Uliza magonjwa na dawa: kifafa, sukari, presha, TB, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mzio. Kwa mwanamke uliza ujauzito, na kama hana uhakika apimwe. Mjamzito anayetumia heroini asiachishwe ghafla sobani; arosto kali, yaani maumivu ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, inaweza kuhatarisha mimba. Apelekwe hospitali, ambako mara nyingi ataelekezwa kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini.

6. Uliza kuhusu kujiua, kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Na leo je?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, nyembe na kamba ziondolewe karibu naye, msimamizi aitwe.

7. Kagua mizigo mkiwa wahudumu wawili, mwenyewe akitazama. Tazama pindo la suruali, mkanda, chini ya soli ya ndani ya kiatu, mche wa sabuni uliokatwa na kuunganishwa, tyubu ya dawa ya meno ambayo mkia wake umefunguliwa na kukunjwa upya. Msahafu au Biblia aipekue mwenyewe mbele yenu. Mifuko aigeuze kwa mkono wake. Ukiingiza mkono wako unaweza kuchomwa na sindano. Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Hakuna mhudumu mwenye ruhusa ya kupekua sehemu za siri za mtu.

Orodhesha kila kitu, fedha mzihesabu pamoja, wote watatu muweke saini. Usiandike "saa ya dhahabu". Andika "saa ya mkononi, rangi ya dhahabu". Simu izimwe na itiwe kwenye bahasha yenye jina. Mkikuta dawa za kulevya, usizitie mfukoni ukisema utazitupa baadaye, kwani kukutwa nazo ni kosa kwa yeyote. Bahasha, saini mbili, saa, na msimamizi aitwe papo hapo ashughulikie kwa utaratibu wa kituo na vyombo vya dola.

8. Mtazame mwili: vidonda vya sindano, majipu, homa, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, majeraha ya kupigwa. Aliyepigwa na watu mtaani atahitaji PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, pamoja na matibabu. Kikohozi hicho kipimwe TB kabla hajachanganywa kwenye bweni lenye vitanda vya ghorofa na madirisha mawili.

Saa 72 za kwanza

Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Usingizi huchelewa zaidi kurudi. Utaona miayo, mafua, machozi, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, kutapika, kuhara, mboni za macho kupanuka. Kazi yako hapo ni maji na utulivu. Changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi, ila zipo ndogo, na ukimwaga pakiti ndogo kwenye lita nzima umempa maji matupu. Zikiisha, tengeneza kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mpe kidogo kidogo. Anayetapika hatunzi glasi nzima. Uji mwepesi hupita kabla ya ugali. Asiyekojoa kutwa nzima, au anayetapika kila anachokunywa, ni wa hospitali.

Arosto ya unga humfanya mtu aone anakufa. Ya pombe inaweza kumuua kweli, na kwa bahati mbaya ndiyo watu huichukulia kirahisi kwa kuwa pombe inauzwa dukani. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuchanganyikiwa kukali, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, homa na jasho jingi, mara nyingi huja siku ya pili hadi ya nne. Mnywaji wa kila siku anayetetemeka mikono na mapigo yake yamepita 100 kwa dakika apelekwe hospitali usiku huo huo. Waambie wanaompokea kwamba ni mnywaji wa muda mrefu na hajala vizuri, ili wakumbuke vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Akipata degedege, tazama saa, ondoa vitu vigumu karibu, tia nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu inapotulia. Usitie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege ya kwanza kwa anayeacha pombe ni safari ya hospitali hata kama imekwisha kwa dakika moja.

Usiku wa kwanza hesabu pumzi. Wengi hutumia dozi ya kuaga njiani kabla ya kuingia sobani, wengine wakaongeza vidonge. Kila saa moja simama kando ya kitanda uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 12, mwamshe na umuite mwenzako. Zikiwa chini ya 10, au anakoroma kwa kukwama kama aliyepaliwa, au midomo na kucha zimegeuka kijivu, hiyo ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo na ufizi. Nje hutaona mapema.

Asipoamka, muite jina kwa sauti, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Tuma mtu amwite dereva na hospitali. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Kituo kikiwa na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini kwa muda, na umefundishwa, mpe. Lakini nguvu yake inaweza kuisha ndani ya dakika 30 hadi 90 huku unga ungali mwilini, kwa hiyo hospitali ni lazima hata kama ameinuka na anasema yuko sawa. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Maziwa, maji ya chumvi, ndoo ya maji ya baridi na makofi ni ya maskani, yaani kijiwe cha watumiaji. Hayarudishi pumzi, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Dawa

Zote zikae kabati lenye kufuli, kila moja kwenye chombo chake cha asili. Vidonge vihesabiwe vinapoingia na kila makabidhiano. Mteja ameze mbele yako, anywe maji, azungumze nawe kidogo. Kisha saini yake na yako. Wewe hutibu. Kuongeza, kupunguza au kumpa mmoja kidonge cha mwenzake ni mwiko, hata Panadol ikiwa utaratibu wa kituo hauruhusu.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi asikose hata siku moja. Nakili tarehe ya kliniki kutoka kadi ya CTC, kliniki ya dawa hizo, siku ya mapokezi, kwa sababu akiwa ndani hana simu ya kumkumbusha. Jina la dawa hizo lisitajwe bwenini wala kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Methadoni inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa baadhi ya soba bado zinaitazama kwa jicho baya. Muhimbili ilifungua kliniki yake mwaka 2011, huduma ikasambaa mikoani, na Zanzibar nayo ikapata. Ni tiba, na mteja anayeitumia hajashindwa. Usimshawishi kuiacha ili afanane na wenzake. Kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya muuguzi, hivyo panga usafiri wa asubuhi na msindikizaji. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, lazima aonwe upya kliniki kabla ya kuendelea, maana dozi ile ile inaweza kumzidi. Anayeanza dawa za TB zenye rifampisini ataarifu kliniki ya methadoni mapema; rifampisini hushusha kiwango cha methadoni mwilini, na mtu hupata arosto huku anakunywa dawa yake vizuri. Wahudumu wasiojua hili humshuku kuwa anatumia kwa siri.

Mwezi wa Ramadhani saa za dawa zibadilishwe na mtaalamu kabla mwezi haujaandama. Aliye kwenye arosto ni mgonjwa; akisisitiza kufunga huku anahara, muombe imamu wa karibu azungumze naye kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Atamsikiliza kuliko wewe.

Daftari la zamu

Andika ulichoona na ulichosikia, kisha saa, kisha ulichofanya. "Alikuwa mkorofi leo" haimsaidii mtu. Hii inasaidia: "Saa 2:40 usiku amekataa chakula. Amesema, 'Nimechoka na haya maisha.' Nimemuuliza kama anafikiria kujiua, amesema hapana. Nimemjulisha msimamizi kwa simu saa 2:55 usiku. Amelala saa 5 usiku, nimempitia kila nusu saa." Tenganisha "amesema" na "nimeona". Ukikosea, piga mstari mmoja, weka saini, andika upya. Usifute wala kuchana ukurasa. Andika "mteja" au jina lake, kamwe usiandike "teja". Faili husomwa na daktari, pengine na mahakama, na yeye mwenyewe ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake.

Makabidhiano yafanyike mkiwa mmesimama bwenini, vichwa vikihesabiwa kwa macho. Kupokea "wote wapo" kutoka kwa mwenzako anayekimbilia daladala ndiko kunakoleta kugundua asubuhi kwamba mmoja aliondoka jana. Taja walioingia ndani ya siku tatu na saa yao ya mwisho ya kutumia, waliokataa chakula au dawa, aliyepokea habari ya msiba au talaka, walio nje kwa ruhusa na saa ya kurudi, idadi ya funguo, idadi ya vidonge. Aliyepokea simu mbaya kutoka nyumbani mchana mpitie mara mbili zaidi usiku. Habari huuma zaidi taa zikizimwa.

Mipaka

Usimkopeshe mteja, usikope kwake, usimtume dukani, usipokee zawadi ya familia. Usikae naye chumba kilichofungwa. Namba yako binafsi isitoke. Tumia ya kituo. Ukiwa wewe mwenyewe ulipitia uraibu, na soba nyingi zinaendeshwa na waliopata nafuu, uzoefu wako ni mtaji mkubwa, lakini omba usipangwe peke yako kwenye mizigo yenye dawa na upate mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Kusikiliza habari za kete siku nzima humwamsha hata aliyetulia miaka mingi.

Familia na nyaraka

Simu ya kwanza kwa familia ipigwe mteja ameridhia, na kwa mtu aliyemtaja yeye. Sema machache: "Shikamoo mama. Ninapiga kutoka anakokaa Salum. Yuko salama, amekula, usiku amelala kidogo. Ameomba umletee shuka na kandambili. Jumapili saa nane mchana tunakukaribisha." Akikuuliza kama amepona, usimpe ahadi, mwambie anaendelea. Jirani au mwajiri akipiga kuuliza kama fulani yupo, jibu ni kwamba kituo hakitoi taarifa za mtu yeyote, hata kwa asiyekuwepo.

Jiandae kwa wiki ya tatu. Mwili umerudi, uso umejaa, mama anafurahi na kusema inatosha, akafanye kazi. Mpangie mshauri nasaha kikao na familia kabla ya hapo, kwa sababu wengi huondolewa kipindi hicho.

Nyaraka zianze mapema maana zinachukua muda: barua ya serikali ya mtaa au ya sheha, kitambulisho cha NIDA kwa Bara au cha Mzanzibari mkaazi, cheti cha kuzaliwa. Mwenye nia ya ufundi aulizie dirisha la kujiunga na VETA akiwa bado ndani.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo hatari ni kubwa kuliko siku ya kuingia. Mwili uliopumzika hata wiki chache haubebi tena dozi ya zamani. Akirudi maskani akatumia kiasi kile alichoacha, anaweza kukata pumzi papo hapo. Mwambie waziwazi, mbele ya familia akikubali, na uandike kwamba ameambiwa. Kuna wanaoogopa kwamba kulitaja ni kumruhusu kutumia. Kunyamaza ndiko kunakoua.

Mpango wa kutoka uwe ukurasa mmoja anaoweza kuukunja mfukoni: atalala wapi usiku wa kwanza, nani atampokea stendi, nani atashika fedha zake mwezi wa kwanza, tarehe ya kliniki, mahali na saa ya mikutano ya kupeana nguvu, namba tatu za simu, na asubuhi ya siku inayofuata atakuwa anafanya nini saa mbili. Mkabidhi vitu vyake kwa orodha ile ile ya mapokezi. Epuka kumtoa Ijumaa jioni au mkesha wa Iddi na Krismasi. Fedha zipo mitaani na marafiki wa zamani wapo wote.

Anayetaka kuondoka ghafla kwa hasira, kaa naye dakika kumi. Mpe chai, muulize nini kimetokea leo. Mara nyingi ni simu, deni la sigara au neno la mwenzake. Akishikilia, mwache aende, lakini kwa hatua zile zile: dawa zake, onyo kuhusu dozi, nauli ikiwezekana, na maneno kwamba mlango uko wazi. Andika saa na nguo alizovaa, mjulishe mtu aliyeridhia ajulishwe. Aliyefukuzwa kwa kuvunja kanuni naye afanyiwe hivyo hivyo. Yeye ndiye anayekwenda maskani moja kwa moja.

Piga simu siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Uliza amelala vipi, amekula nini, leo yuko na nani, "umetumia?" iache ije baadaye kwenye mazungumzo. Asipopokea siku ya 3, piga jioni hiyo kwa yule aliyemtaja. Akikuambia amerudia, muulize alitumia saa ngapi, kiasi gani, na kama yuko peke yake sasa hivi. Asibaki peke yake. Mpangie kuja kesho asubuhi, umtajie jina la atakayempokea, na uandike yote hayo kwenye faili lake la zamani, chini ya tarehe mpya.